ETI NI GEMU TU!



Baada ya Ijumaa kijana ameniambia: "Sheikh, ile ni gemu tu, nani kaibiwa?" Anatetea programu inayomchezea kwenye simu yeye amelala, asubuhi anaitwa bingwa.

Ndugu yangu, sisi wa Bukoba na Muleba tunamjua anayelowesha kahawa ili izidi kilo. Mzani hakuugusa, lakini tunamwita mwizi. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono, akakuta ndani kumelowa. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione, kisha akatangaza kwamba mdanganyifu si mwenzetu.

Sasa wewe! Mwenzako kaja na macho yake, vidole vyake, na bando alilonunua kwa jasho. Anaamini anacheza na mtu. Umemwekea mashine: juu pakavu, ndani pamelowa. Unapokea kamili, unatoa pungufu. Isome Surat al-Mutaffifin, ujiulize inamwonya nani.

Kucheza na roboti ambayo kila mtu anajua ni roboti, sizungumzii hiyo. Nazungumzia kuficha. Na ukiiuza akaunti hiyo kwa kudai umeipandisha mwenyewe, umekula haramu.

Leo unamzoesha mkono wako gemu, kesho utaupeleka kwenye mzani wa kahawa. Izime, utubu. Kushindwa kwa vidole vyako si aibu.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.