KURA YA WAFANYA KAZI WA MISSOURI



Mfanya kazi akishinda kwa kura, ushindi wake unalindwa na nani? Tazameni mambo ya wenzetu wa jimbo la Missouri, huko Marekani.

Tangu mwaka 1908 raia wa jimbo lile wana haki ya kutunga sheria wenyewe, na ya kuikataa sheria ya Baraza lao. Wakikusanya sahihi za kutosha, neno lao huwekwa mbele ya wapiga kura wote. Vyama vya wafanya kazi vimeitumia sana haki hiyo. Mwaka 2017 Baraza lilipitisha sheria ya kudhoofisha vyama, ambayo matajiri waliipa jina tamu, "Haki ya Kufanya Kazi": yaani mtu ale matunda ya chama bila kulipa hata senti. Vyama vikakusanya sahihi zaidi ya 300,000, na Agosti 2018 watu wakaikataa, 67 katika kila 100.

Novemba 2024 walirudi tena. Kwa kura karibu 58 katika kila 100 wakapitisha mshahara wa chini upande hata dola 15 kwa saa ifikapo Januari 2026, na mtu apate saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi. Likizo ilianza Mei 1, 2025. Baraza likaifuta, Gavana akatia sahihi mwezi wa Julai, na Agosti 28 ikafa. Miezi minne haikutimia! Dola 15 waliziacha, ila nyongeza ya kila mwaka ya kufuata bei ya vitu wakaifuta pia.

Iliwezekanaje? Ile ilikuwa sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida Baraza laweza kuibadili. Njia iliyobaki ni kuandika haki hiyo katika Katiba ya jimbo, ambayo Baraza haliwezi kuigeuza bila kuwauliza wananchi.

Sasa njia hiyo nayo wataka kuiziba. Septemba 2025 Baraza lilipitisha shauri kwamba ombi la raia la kubadili Katiba lisipite kwa wingi wa kura tu, bali lishinde katika kila wilaya ya uchaguzi ya Bunge la Marekani, zote nane. Sisi wa reli twaelewa upesi: mabehewa nane, breki ikivutwa katika moja, treni yote husimama. Wilaya hizo zina watu karibu sawa. Basi kwa hesabu, mpiga kura mmoja katika kila 16 aweza kuwazuia 15.

Wenye shauri wasema wanawalinda watu wa mashambani wasimezwe na miji ya St. Louis na Kansas City. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini mbona mabadiliko yanayoletwa na Baraza lenyewe yataendelea kupita kwa wingi wa kawaida? Tena wametia ndani maneno ya kukataza fedha za kigeni, kama dawa chungu inavyopakwa sukari.

Shauri hilo haliwi kitu mpaka wananchi walipigie kura, nayo kura ilipangwa Novemba 2026. Na ili lipite, lahitaji wingi wa kura za jimbo zima tu. Hapo wilaya nane hazikutajwa.