Ukurasa wa Mama na Binti: Kopo la kwanza



Mwezi huu tuongee juu ya makiyaji. Ninajua kwamba katika nyumba fulani neno hili linaleta kelele. Papa anasema ni mambo ya wanawake wa bare. Mama anajibu: "Acha mutoto, naye ni mwanamuke." Mimi sitakata kesi hiyo. Kila nyumba ina desturi yake, na binti anayekula bukari ya wazazi wake atasikiliza sauti yao. Lakini papa anayetafuta neno katika Biblia asome pande zote mbili. Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, anawaonya wanawake wasitegemee mapambo ya inje. Na kitabu cha Esteri, sura ya 2, kinaeleza kwamba wasichana waliopelekwa kwa mfalme walitengenezwa kwa miezi 12: miezi 6 kwa mafuta ya manemane, miezi 6 kwa manukato. Esteri mwenyewe alipita mule, na hakuna mahali anapolaumiwa kwa hiyo.

Kitu kinachonihangaisha mimi ni kingine. Ni lile kopo la kwanza ambalo binti ananunua siku anapopata feza yake kidogo.

Mara nyingi si poda, si ruji ya midomo. Ni krimu ya kufanya ngozi iwe nyeupe. Nenda kwenye meza za soko la Kenya kule Lubumbashi, au kwa wale wanaoleta mizigo toka Kasumbalesa, utaona namna zimepangwa mbele, na poda iko nyuma. Muuzaji anakuambia: "Hii njo ya kweli, dada, inatoka Ulaya. Wiki mbili tu, utajiona." Na kweli, wiki mbili utajiona. Shida inaanza mbele.

Uone kwanza hesabu ya mfuko, kwani ukurasa huu ni wa watu wenye mshahara mdogo. Kopo la poda linakaa miezi na miezi. Ruji ya midomo vilevile. Krimu ya kujichubua, yenyewe, inaisha, na ukiacha kupaka, weusi unarudi, tena unarudi kwa vipande vipande. Basi unanunua ingine. Viungo vya vidole vinabaki vyeusi, unatafuta dawa ya vidole. Jua linachoma ngozi ambayo imepoteza kinga yake, unatafuta krimu ya jua. Uso unaota madoa, unatafuta kitu cha kuyafunika. Kopo moja linazaa makopo manne. Hakuna makiyaji ya bei kali kupita hiyo, hata kama siku ya kwanza uliambiwa ni ya bei rahisi.

Sasa hesabu ya mwili. Chukua kopo, geuza, soma maandishi madogo. Majina ya kukimbia ni haya: hydroquinone, mercure au mercury, pengine wanaandika calomel, clobétasol, bétaméthasone. Hydroquinone ikipakwa muda mrefu inaweza kugeuza ngozi iwe nyeusi-bluu, na weusi huo ni vigumu sana kuuondoa. Afrika ya Kusini iliikataza katika krimu za urembo tangu 1990, baada ya kuona nyuso za watu wake. Clobétasol na bétaméthasone ni dawa za hospitali. Daktari anaziandika kwa ugonjwa fulani, kwa siku chache, mahali padogo. Ukizifanya mafuta ya kila siku, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inapasuka mistari, na kidonda kinachelewa kupona. Mfikirie mama ambaye atapasuliwa wakati wa kuzaa, na ngozi yake imekuwa namna hiyo.

Na mercure? Sisi watu wa migodi hatuna haki ya kusema hatuijui. Ni zebaki, yale maji mazito yenye rangi ya feza, ambayo wachimbaji wa zahabu kule Ituri na Kivu wanaitumia kukamata unga wa zahabu. Kila mmoja ameisikia kwamba moshi wake ni sumu. Basi ni zebaki ileile, katika chumvi zake, ambayo wanaitia mu krimu. Inapenya ngozi, inaharibu figo, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto. Katika mwaka wa 2023 nchi zilizo katika Mapatano ya Minamata zilikubaliana kwamba kufika 2025 vitu vyote vya urembo vyenye zebaki visitengenezwe tena wala visipite mipaka. Lakini wewe unajua mipaka yetu. Karatasi imekubaliwa Geneva, kopo linapita usiku. Mlinzi wa mwisho ni macho yako.

Kama kopo halina maandishi, au mama wa soko amechanganya mwenyewe ile wanaita melanje katika chupa nyeupe, usiulize hata bei.

Vema. Kama hununui hiyo, unanunua nini?

Wako mabinti ambao makiyaji hayawaambii kitu. Wanataka tu wasionekane kama mtu aliyelala njiani. Ninawapenda sana hawa, na mfuko wao haupati taabu. Sabuni ya kuoga isiyo kali (sabuni ya kufulia nguo iache kwa nguo), mafuta ya mwili, na kitu cha midomo. Katika mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Katanga na vumbi jekundu la barabara vinapasua midomo na visigino hata vya mtoto mdogo. Vazelini ya kawaida inatosha. Paka wakati ngozi iko bado na maji kidogo, mara tu ukitoka kuoga, ndipo inafunga yale maji ndani. Gliserini nayo ni nzuri, lakini ichanganye na maji. Ikipakwa peke yake inanata, na vumbi lote la Kolwezi litakaa juu yako. Hapa ninawaambia pia wanaume: yule anayerudi toka mgodini na uso umekauka kama tofali, vazelini ya bibi yake haitamfanya mwanamke.

Wengi wenu muko katika kundi la pili. Siku za kazi hapana, lakini siku ya Mungu, siku ya ndoa, siku ya kuimba na kwaya, munataka kitu. Kwenu ninasema vitu vitatu: poda ya rangi yako, kalamu moja ya rangi ya chokoleti au nyeusi, ruji moja ya midomo. Basi. Ruji moja inafanya kazi mbili: gusa kidogo kwa kidole, paka juu ya mashavu, sambaza mpaka isionekane mwanzo wala mwisho. Rangi ya divai, ya chokoleti, nyekundu ya giza, zinakaa vizuri juu ya ngozi yetu. Ile ya waridi hafifu yenye maziwa-maziwa, mara nyingi inafanya mtu aonekane kama mgonjwa. Kalamu inafanya nyusi, na inaweza kuzunguka midomo pia, lakini kalamu iliyopita kwenye midomo isipande tena machoni mbila kuchongwa.

Poda ndiyo inawashinda wengi, na kosa ni la kioo cha soko. Binti anajaribu poda juu ya mkono, chini ya turubai ya bluu au ya kijani, halafu siku ya Mungu anaingia kanisani uso mmoja na shingo ingine. Mkono na uso havina rangi moja. Jaribu kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo. Kisha toka chini ya turubai, simama kwenye mwanga wa jua, angalia. Poda ya kweli yako ni ile ambayo huioni tena. Ukiiona, hata kidogo, si yako. Kati ya mbili ambazo zinakaribia, chukua ile yenye weusi zaidi: yenye weupe zaidi inaleta majivu usoni. Na poda ya kupaka watoto wachanga si makiyaji. Nimeona mabinti wanaofika kwenye Misa kama watu waliotoka kusagisha bunga.

Unapopunguzisha bei, punguzisha. "Mama, unipunguzishie kiloko" si haya. Lakini fungua kwanza, nusa. Ruji yenye harufu ya mafuta ya zamani imekaa juani mbele yako. Pengine utaona kwenye boksi alama ya kopo lililofunguliwa na hesabu ndani, 6M au 12M: maana yake miezi ya kutumia toka siku ya kufungua. Maskara ni miezi 3 tu, kwani chupa yake yenye maji na giza inapendwa na vijidudu, na brosi yake inaenda moja kwa moja machoni. Ndiyo maana sikuiweka kati ya vitu vitatu. Na tafadhali, kwaya isifanye kopo la umoja: kalamu ya macho, maskara na ruji haviazimwi, hata kati ya dada na dada. Macho mekundu yanapita kwa njia hiyo, na vidonda vya mdomo vilevile.

Kundi la tatu ni wachache, lakini wana moto. Ni binti ambaye kila ndoa katika kartye wanamuita aje kupamba bibi arusi. Kwako, dada, hiyo si tamaa ya urembo, ni kazi, na inaweza kulipa masomo. Lakini usidanganywe na boksi kubwa lenye rangi 50. Utatumia rangi 4, na za kijani na bluu zitabaki mpaka uzee. Feza yako iweke katika poda na katika krimu ya kufunika uso, ile wanaita fond de teint. Nunua tatu: moja ya weusi sana, moja ya katikati, moja ya mwanga. Ukizichanganya juu ya kisahani utapata karibu kila uso wa parokia. Nunua alkoli ya kupangusa vyombo, na sponji zinazofulika. Usichovye brosi katika kopo na kurudia toka uso wa mtu: chota kwa kijiko, weka juu ya kisahani, fanyia pale. Bibi arusi akija na madoa ya krimu za kujichubua, usimwahidi muujiza, na usimfokee siku yake.

Kuna jambo ambalo wamama wananiuliza kwa sauti ya chini, nami nitalisema kwa sauti ya kati. Mahali pa migodi feza inaingia kwa fujo, na wanaume wenye feza wanajua bei ya ruji. Binti yako akikosa kabisa, yuko mtu atakayempa, na hatatoa bure. Mama anayempa mtoto wake wa miaka 17 poda moja na ruji moja kwa Noeli, akienda naye mwenyewe sokoni kuchagua, amefanya kazi kuliko yule anayepiga kelele na kutafuta makopo chini ya kitanda. Na wewe binti, ukipewa krimu na mwanaume anayekutaka mweupe, jiulize alikupendea nini mwanzo.

Sasa la usiku. Usilale na makiyaji. Tia mafuta kidogo au vazelini juu ya kitambaa safi, pangusa macho na midomo, kisha osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni yako. Sponji ya poda ifuliwe mara moja kwa wiki na kuanikwa kivulini mpaka ikauke kabisa. Ikianza kunuka hata baada ya kufuliwa, itupe, hata kama ilikuwa ya bei.