Betri ya Nyumbani Katika Joto na Baridi

Akina mama wenzetu, mwezi huu tuzungumze juu ya chombo kilichoingia katika nyumba nyingi siku hizi: betri kubwa ya kubebeka, ile yenye umbo la sanduku, mpini juu na matundu ya plagi ubavuni. Ikichajiwa kwa sola au kwa umeme wa ukutani, huwasha taa, huchaji simu na kuendesha feni. Ni chombo cha gharama, na mara nyingi kimenunuliwa kwa akiba ya miezi mingi. Tusipojua tabia yake kitakufa mapema. Na baya zaidi, kinaweza kuleta moto wanapolala watoto.

Tuanze na joto. Betri nyingi za namna hii ni za lithiamu, nazo hupenda hali tunayoipenda sisi, nyuzi 20 hadi 25 hivi za Sentigredi. Nyingi hazitakiwi kuchajiwa joto likipita nyuzi 40 au 45. Kijitabu chake kitaeleza. Gari lililofungwa juani laweza kupita nyuzi 50, na chumba cha bati kisicho na dari huwa tanuri adhuhuri. Basi paneli ikae juani, lakini betri ikae kivulini penye hewa. Tusiifunike kwa kitambaa cha kudarizi kama tunavyofunika redio, maana itakosa hewa ya kuipoza. Isikae karibu na jiko, chini ya kitanda, wala kwenye njia ya kutokea.

Baridi nayo ina mambo yake. Wenzetu wa Makete na Nyandarua wanaijua sakitu ya alfajiri. Kwenye baridi betri huisha chaji upesi, na hilo si la kuogopesha. La hatari ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0. Hapo lithiamu hugandamana ndani yake kama ukoko chunguni, na ukoko huo hautoki tena. Betri nyingine zina kinga inayokataa chaji, nyingine hazina. Kwa hiyo usiku iingizwe ndani. Ikiwa imelala nje, tuiache chumbani saa kadhaa ipate joto na umande ukauke, ndipo tuichaji. Tusiipashe motoni.

Ikiwa haitumiki kwa muda mrefu, tuiweke mahali pakavu ikiwa na chaji nusu hivi, na kuitazama kila baada ya miezi michache.

Ikivimba, ikinuka kemikali au ikiwa ya moto kupita kawaida, tuache kuitumia. Ikianza kutoa moshi, tusiiguse: tuwatoe watoto kwanza, tufunge mlango, tuite msaada.

Mambo haya tuyaeleze pia kwa baba, watoto wakubwa na dada anayetusaidia kazi, kwa maana anayeichomeka betri si mama peke yake.

Hadi mwezi ujao.