Kondoo wa mia yuko darasa la Hisabati



Mwinjili Luka, katika sura ya 15, anatupa hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeikataa. Mchungaji ana kondoo 100, mmoja anapotea, naye anawaacha wale 99 na kwenda kumtafuta huyo mmoja hadi ampate. Kwa hesabu za sokoni, kupoteza mmoja kati ya mia ni hasara ndogo. Kwa hesabu za Mungu, mia bila huyo mmoja haijatimia.

Leo naomba tuisome Injili hiyo tukiwa ndani ya darasa la Kidato cha Nne, katika shule zetu za Kanisa, wakati wa kipindi cha Hisabati.

Kwa vijana wengi huu ndio mwaka wa mwisho wa kulisoma somo hili. Watakaochukua PCM au EGM wataendelea nalo Kidato cha Tano na cha Sita. Wa HKL na HGL wataliaga, na watakaorudi nyumbani wataliaga pia. Asichokipata mtoto kabla ya mtihani wa taifa, huenda asikipate tena darasani.

Sasa tazameni kinachotokea. Daraja la ufaulu hutokana na masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Walimu wanalijua hilo, na watoto wanalijua. Mwenye masomo tisa anaweza kupata F ya Hisabati na bado akatoka na daraja zuri. Ndipo unapoanza ushauri wa chinichini: achana na Hisabati, komaa na masomo yatakayokubeba. Zipo shule, hata zenye msalaba getini, ambako walio nyuma huachwa wakae na daftari tupu mradi wasisumbue. Nyingine huwaondoa kabla ya mtihani, wasije wakashusha wastani wa shule. Kisha matokeo yanatoka, bango linatundikwa, na tunamshukuru Mungu kwa nyimbo.

Lakini yule kijana ametoka na nini? Mtaani anakutana na mikopo ya kausha damu. Akikopa Sh100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na riba ikizaa riba bila yeye kulipa chochote, baada ya miezi 12 deni linafika karibu Sh892,000. Anakutana pia na kubeti. Mkeka wa mechi tano, hata kama kila mechi ina nafasi moja kati ya mbili, una nafasi moja tu kati ya 32 ya kutiki wote. Hesabu zote mbili zimo katika mafunzo ya sekondari. Tuliyemwambia aachane nazo tumempeleka kwa mbwa mwitu bila fimbo.

Tena Hisabati inalea dhamiri. Mwalimu husahihisha njia pamoja na jibu, na aliyenakili jibu bila kuijua njia hujulikana. Namba haipokei rushwa wala haiangalii mtoto ni wa nani. Kitabu cha Hekima, sura ya 11, kinatufundisha kwamba Mungu alivipanga vitu vyote kwa kipimo, idadi na uzito. Kanisa lililiamini jambo hilo. Padri Christopher Clavius, Myesuiti, alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kalenda iliyotangazwa na Papa Gregori XIII mwaka 1582, ambayo ndiyo tunayohesabia Pasaka hadi leo. Padri huyo huyo alipigania Hisabati ipewe heshima katika shule za shirika lake.

Sisemi kila mtoto atapata A. Naujua uchache wa walimu na wingi wa wanafunzi darasani. Ila mtoto aliyepanda kutoka alama 10 hadi 30 amefanya kazi kubwa, na aliyemvumilia amefanya kazi ya mchungaji.

Wazazi, kwenye kikao cha shule msiulize tu ni wangapi wamepata daraja la kwanza. Ulizeni pia waliokuwa mkiani wamefika wapi, na wangapi wameondolewa njiani. Nanyi waamini wahasibu, wahandisi na walimu wastaafu, mmo katika jumuiya zetu ndogondogo. Saa mbili za Jumamosi katika ukumbi wa parokia, ubao mmoja na chaki, zinaweza kumwokoa kijana wa jirani yako. Nanyi wakuu wa shule zetu, kumbukeni kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulitaka shule za Kanisa ziwajali kwanza walio maskini. Umaskini wa namba nao ni umaskini.

Tumwombe Mchungaji Mwema atupe moyo wa kurudi nyuma kumtafuta aliyebaki.