Kazi ya Magereza: Mkongani Isiachwe Langoni

Kwa miaka mingi kijana wa Kenya aliyetamani kuwa afisa wa magereza alijua la kufanya. Alikusanya vyeti vyake, akaamka alfajiri, akafika katika uwanja wa kaunti ndogo yake siku iliyotangazwa gazetini. Huko alipimwa kimo, akakaguliwa meno na miguu, akapiga mbio pamoja na mamia ya wenzake, kisha akasimama juani kungoja jina lake liitwe. Utaratibu huo una dosari nyingi, lakini una sifa moja ambayo haitajwi: uwanja uko karibu. Mtoto wa Mkongani hushindana na mtoto wa Tiwi, wa Waa na wa Golini. Wote wametoka Matuga, na wote wamesoma katika shule zinazofanana kwa uhaba.

Sasa dunia inauhama uwanja huo. Huko Uingereza mtu anayetaka kuwa askari jela hufanya majaribio ya uwezo kupitia mtandao, akiwa nyumbani kwake, kabla hata hajaonana ana kwa ana na mwajiri. Jirani zetu wa Tanzania nao wamepiga hatua: Jeshi lao la Magereza hupokea maombi kupitia mfumo wa mtandao, na Sekretarieti ya Ajira imeanza kuwasaili waombaji wa kazi za umma kwa mitihani ya kompyuta. Hapa kwetu huduma za serikali zimehamishiwa eCitizen moja baada ya nyingine, na Tume ya Utumishi wa Umma hupokea maombi kwa njia hiyo hiyo ya mtandao. Haihitaji mpiga ramli kubaini kwamba zamu ya kuwapima makurutu kwa kompyuta i njiani. Swali ninalotaka walimu na wanafunzi wa Kwale walitafakari ni hili: ikija, itamkuta kijana wetu wapi?

Nakiri kwamba wanaoutetea mtihani wa mtandaoni wana hoja nzito. Itakumbukwa kwamba mnamo Julai 2014 polisi elfu kumi walichaguliwa viwanjani kote nchini, na malalamiko ya hongo na upendeleo yakazagaa. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilikwenda mahakamani, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikalibatilisha zoezi zima. Wazazi waliokuwa wameuza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto apate nafasi hawakuwa na wa kumlilia. Kompyuta, twaambiwa, haipokei bahasha wala haimjui mtoto wa mheshimiwa. Isitoshe, magereza ni mahali ambapo uadilifu wa askari mmoja una uzito wa pekee. Mnamo Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka Kamiti, wakakamatwa Kitui siku chache baadaye. Askari kadhaa walitiwa mbaroni, na Kamishna Jenerali wa Magereza akaondolewa. Mbio za kilomita kadhaa haziwezi kukuambia ni nani atakayefumba macho ufunguo unapogeuzwa.

Hata Umoja wa Mataifa, katika kanuni za kuwatendea wafungwa zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, unasisitiza jambo hilo. Kanuni ya 74 inataka askari wa magereza wa kila cheo wachaguliwe kwa uangalifu, kwa kuwa uendeshaji mwema wa jela unategemea uaminifu wao, utu wao na ustadi wao. Basi kupima akili na busara si kosa. Wasiwasi wangu ni juu ya kipimo chenyewe, na juu ya nani aliyekizoea.

Tuutazame mtihani huo kwa karibu, maana wengi wanauogopa bila kuujua. Kwa kawaida una sehemu tatu au nne. Ya kwanza ni hesabu. Bweni lina wafungwa 84, robo yao wamepelekwa mahakamani na 7 wako zahanati, wamebaki wangapi? Mwanafunzi wa darasa la saba atakujibu 56 bila kalamu. Hakuna ugumu hapo. Ugumu ni kwamba swali linakaa juu ya kioo kwa dakika moja au chini yake, saa ikihesabu pembeni, na baada yake yapo mengine kadhaa. Aliyezoea kukokotoa kwa utaratibu, hatua kwa hatua kama mwalimu alivyomwagiza, atakuwa angali anaandika "suluhisho" wakati mwenzake wa Nairobi amekwisha kubonyeza jibu la tano.

Sehemu ya pili ni ya ufahamu na mantiki, na hapa ndipo shule zetu zinapovuna zilichopanda. Mtahiniwa hupewa maelezo mafupi, kisha huulizwa iwapo kauli fulani ni kweli, si kweli, au haiwezi kujulikana. Chukua mfano: Magereza yote ya kaunti hii yana bustani. Gereza fulani lina bustani. Je, liko katika kaunti hii? Wengi watasema ndiyo. Jibu ni kwamba haiwezi kujulikana, kwani hatukuambiwa kwamba magereza ya kwingineko hayana bustani. Mwanafunzi wetu amefunzwa tangu utotoni kuwa kutojua ni aibu, na kuliacha swali bila jibu ni dhambi. Ni darasa gani ambalo mtoto amewahi kupewa alama kwa kusema, "Mwalimu, hayo uliyonipa hayatoshi"? Stadi hiyo ndiyo inayotakiwa kwa askari atakayeandika ripoti ya ghasia bila kuongeza chumvi, nasi hatuifundishi.

Sehemu ya tatu ni ya kupima maamuzi. Mfungwa anakuomba umpelekee mkewe mgonjwa ujumbe. Utafanya nini: utaupeleka mwenyewe baada ya kazi, utakataa na kumfokea, utanyamaza, au utamwarifu mkuu wako ili ombi lifuate njia ya halali? Jibu linalotakiwa ni la mwisho. Lakini mtazame kijana aliyelelewa katika kijiji cha Wadigo au Waduruma, ambako mtu hamwachi jamaa wa mbari yake katika dhiki. Huyo mfungwa huenda ni mjomba wake kwa upande fulani! Atakayechagua kuupeleka ujumbe mwenyewe si mlaghai. Ametumia kanuni ya nyumbani mahali ambapo kanuni ya kazi inaamuru vingine. Asipoelezwa mapema tofauti ya kanuni hizo mbili, mtihani utamhukumu kuwa hafai, ilhali moyo aliouonyesha ndio ule ule utu ambao Kanuni ya 74 inautafuta.

Historia ina funzo hapa. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika vita, wanasaikolojia wakiongozwa na Robert Yerkes waliwapima wanajeshi kwa mamia ya maelfu. Mtihani wa wanaojua kusoma uliitwa Alpha, na wa wasiojua kusoma uliitwa Beta. Baadhi ya maswali yalidai ujuzi wa bidhaa na michezo ya Marekani. Wahamiaji walioteremka melini juzi wakaanguka, na wataalamu wakatangaza kuwa mataifa fulani yana akili pungufu. Carl Brigham aliandika kitabu kizima juu ya hilo mwaka 1923. Kufikia 1930 alikuwa ameyakana mahitimisho yake mwenyewe, lakini kipimo kilikwisha kufanya kazi yake. Tusidhani kwamba kompyuta imeuponya ugonjwa huo. Inauliza kile alichokiweka mtunzi, na mtunzi huwa na mji wake na lugha yake.

Ama kuhusu lugha, niruhusiwe kusema waziwazi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ndani ya jela, kuanzia Shimo la Tewa hadi Kwale, askari na mfungwa husemezana kwa Kiswahili. Kwa mantiki gani basi busara ya askari huyo ipimwe kwa Kiingereza peke yake, tena chini ya shinikizo la sekunde? Kijana wa Pwani atakayechelewa kwa sababu anatafsiri kichwani amepimwa kasi ya tafsiri. Wakuu wa magereza wakitaka kipimo cha haki, waweke mtihani kwa lugha zote mbili na mtahiniwa achague. Gharama yake ni ndogo mno kulinganishwa na ile ya kuwapoteza askari wanaoielewa lugha ya wafungwa wao.

Kisha kuna mambo ya chini kabisa, ambayo wapangaji wa mijini huyasahau. Mtihani wa mtandaoni huanza kwa nambari ya kitambulisho. Kaunti hii ya Kwale ndiyo iliyowashuhudia Wamakonde wakitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 kudai uraia, hata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa pwani hii walingoja hadi 2023. Mtoto aliyezaliwa na mzazi asiye na kitambulisho anajua maana ya kuchelewa kuliko mtu yeyote. Tena kuna mtandao wenyewe. Mwishoni mwa Julai 2023 wadukuzi waliishambulia eCitizen, na huduma zikakatizwa nchi nzima. Ikitokea hivyo katikati ya mtihani, aliye Nairobi atajua pa kwenda kulalamika. Aliye nyuma ya milima ya Shimba, aliyetembea hadi saiba na kulipia saa moja, atarudi nyumbani na kuhesabiwa kuwa hakufanya mtihani.

Kuna na suala la mgao, nalo ndilo zito kuliko yote. Uwanja wa Matuga, pamoja na maovu yake, ulichagua watu wa Matuga. Orodha moja ya taifa iliyopangwa kwa alama haijui Matuga ni wapi. Baadhi ya watu watasema kwamba sifa ndiyo sifa, na aliyeshinda apewe. Nawaomba wakisome kifungu cha 232 cha Katiba bila haraka. Kinataja ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa uajiri, lakini kinauweka msingi huo chini ya masharti mawili: uwakilishi wa jamii mbalimbali za Kenya, na fursa sawa kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote na kwa walemavu. Kwa hiyo alama za mtandaoni zaweza kutumika kuwapanga vijana wa kaunti ndogo moja wao kwa wao. Zikitumika kuwapambanisha wa Mkongani na wa Westlands, Katiba itakuwa imevunjwa kwa kubonyeza kitufe.

Hata hivyo, sisi wenyewe tusikae tukingoja mahakama. Mitihani ya namna hii ina siri moja ambayo tafiti za wanasaikolojia zimeithibitisha mara nyingi: anayeirudia hupanda alama, hata pasipo kuongezewa elimu. Maana yake ni kwamba mazoezi ni sehemu ya kipimo. Itakuwa dhuluma ikiwa mazoezi hayo yatabaki kwa wenye uwezo wa kuyanunua. Mwalimu wa hisabati wa shule ya upili anaweza kutunga maswali ishirini kila Ijumaa na kuyapima kwa saa, hata kwa karatasi tu, umeme ukiwa umepotea. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuleta darasani habari ya gazeti na kuuliza lipi limesemwa, lipi halikusemwa, na lipi haliwezi kujulikana. Wale wa historia na uraia wana kisa cha Kamiti cha kujadili: ungekuwa wewe zamuni usiku ule, ungemwarifu nani?

Vishikwambi vilivyoanza kugawiwa mwaka 2016 pia viulizwe viko wapi. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka huo ndio wanaotarajiwa kuufanya mtihani wa mwisho wa KCSE mwaka 2027. Ni hao hao watakaofikia umri wa kuajiriwa mara tu baadaye. Ikiwa vifaa hivyo vimelala kabatini kwa kukosa chaji, vitolewe. Na vyuo vya ufundi vya kaunti, vyenye kompyuta, vifunguliwe Jumamosi kwa vijana waliomaliza shule.

Nawaonya vijana jambo moja kuhusu matapeli. Uajiri unapohamia mtandaoni, mwenye bahasha hafi, hubadili kazi tu. Atakuuzia "majibu", atakufungulia ukurasa unaofanana na wa serikali, atakuletea barua bandia ya kujiunga na chuo cha magereza cha Ruiru yenye mhuri unaong'aa. Anayetoa fedha hapo hana tofauti na aliyetoa uwanjani mwaka 2014.

Kwa Idara ya Magereza ombi ni fupi. Kabla ya kumpima mtu yeyote kwa mtandao, itangaze mfano wa mtihani wenyewe, katika lugha mbili, miezi mitatu mapema, na kuutuma kwa kila shule ya upili ya umma. Iweke kituo kimoja chenye kompyuta na jenereta katika kila kaunti ndogo, ili asiye na simu afanye hapo bila malipo. Cha Matuga kisiwekwe mjini Kwale kwa mazoea tu. Mkongani nako kuna shule na kuna vijana.