Mbege: Ulimi wapima uchachu, haupimi kimea

KWA mfanyabiashara wa mbege mkoani Kilimanjaro, uchachu ndio saa ya biashara. Pombe hiyo ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi haiandikwi tarehe ya mwisho wa matumizi. Mnywaji huonja, kisha huamua kama atanunua kata nyingine au atahamia kwa jirani.

Mbege ikiwa changa, utamu wa ndizi hutangulia. Ikikomaa, utamu hupungua, uchachu hupanda na nyuma yake huja uchungu wa magome ya msesewe. Mnywaji mzoefu hutafuta uwiano wa ladha hizo tatu. Akinusa harufu kali ya siki, anajua pombe imekaa wazi muda mrefu na siku yake imepita. Hapo muuzaji hushusha bei au humwaga.

Kwa hiyo, anayepika kwa kufuata ukubwa wa pipa badala ya siku ya gulio hupoteza ndizi, ulezi na kuni kwa mkupuo.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo ulimi hauwezi kuligundua. Kimea hupatikana kwa kulowesha ulezi, kuuacha uote, kisha kuukausha. Unyevu na joto vinavyootesha nafaka huotesha pia kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu, yaani sumukuvu, ambayo mnywaji haonji wala hainusi, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Aidha, anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi yuko katika hatari ya saratani ya ini.

Wapo wanaochanganya kimea kilichoota ukungu na kizuri ili kuokoa mtaji. Uchachu na uchungu hufunika kasoro hiyo, na hasara humhamia mnywaji asiyejua kitu.

Dawa yake huanzia kwa mkulima: aanike ulezi juu ya turubai, si juu ya udongo, na apange magunia juu ya chaga mahali pakavu. Naye mpika pombe afungue gunia kabla ya kulipa, aukatae ulezi wenye unyevu au ukungu, na akaushe kimea upesi. Ulezi safi ukilipiwa zaidi, mkulima atakuwa na sababu ya kununua turubai.