Kelele za Nani, Pesa za Nani?

Msomaji wa Morogoro ana haki ya kushangaa akiona toleo zima limetengwa kwa ajili ya hevi metali, muziki uliozaliwa Birmingham, Uingereza, katikati ya viwanda vya chuma. Ukiwakusanya wapenzi wake toka Msamvu hadi Bigwa, sidhani kama watajaza daladala moja. Tumeuchagua kwa sababu ya kesi zake. Tangu Black Sabbath watoe albamu yao ya kwanza, Februari 1970, muziki huo umesomewa kila shitaka: ushetani, ulevi, kupoteza vijana, kelele tupu. Mashitaka hayo hatuyasikii leo mara ya kwanza. Yalisomwa hapa kwetu pia, juu ya magitaa mengine. Na huko kama huku, wakati watu wazima wakibishana juu ya maadili, kuna aliyekuwa kando akihesabu pesa.

Tuanzie nyumbani. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakaleta vibarua wa kila kabila, na kibarua mwenye mshahara mwisho wa mwezi ndiye alipaye kiingilio cha dansi. Ndiyo maana mji mdogo chini ya milima ya Uluguru uliweza kulisha bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja. Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye Salum Abdallah, kijana aliyelewa santuri za Kikuba, alianzisha kundi lake ambalo baadaye lilijulikana kama Cuban Marimba. Mji uligawanyika kama unavyogawanyika leo kwa Simba na Yanga. Katikati ya miaka ya 1960 Morogoro Jazz ikampata Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na kuanzia hapo gitaa la solo katika nchi hii halikurudi tena kukaa nyuma ya mwimbaji. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Jina hilo lingefaa kabisa kwa bendi ya hevi metali.

Sasa uliza santuri hizo zilitoka wapi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Nyimbo za Salum Abdallah zilitolewa na lebo ya Mzuri, ya wafanyabiashara wa Mombasa, Assanand. Mbaraka alirekodi Nairobi, kwa kampuni iliyokuwa na wenyewe Ulaya. Maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu yakanywewa Dar es Salaam. Nyimbo zetu nazo zilishuka hivyo hivyo, ila bili yake ilikusanyiwa Kenya. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka naye kwa ajali ya gari, Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34.

Wakuu wa nchi walikuwa wakitazama nini miaka hiyo? Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba waliosoma wanaona fahari kucheza rumba na chachacha huku ngoma za babu zao hawazijui. Hoja ile ilikuwa na uzito, na ninaiheshimu mpaka leo. Waliomfuata ndio walioishusha hadi kwenye mavazi. Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana Januari 1969, ikiwinda sketi fupi, wigi na suruali za kubana, na kabla mwaka haujaisha muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Suruali ya mwanamuziki ilikaguliwa mpaka upindo. Mkataba wake hakuna aliyeukagua. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1966, lakini chombo cha kukusanya mirabaha, COSOTA, kilisubiri sheria ya 1999. Kufikia hapo wapigaji wengi wa enzi ya dansi walikuwa makaburini au wamezeeka mikono mitupu.

Wamarekani walifanya vivyo hivyo, kwa makeke zaidi. Septemba 19, 1985, kamati ya Seneti ilikaa kusikiliza malalamiko ya wake wa vigogo, akiwemo Tipper Gore, juu ya nyimbo chafu, na roki nzito ikiwa mshitakiwa wa mbele. Dee Snider wa kundi la Twisted Sister alikuja na nywele zake zote kujitetea. Frank Zappa, mwanamuziki ambaye hata hakuwa mtu wa hevi metali, aliwaambia maseneta jambo ambalo ndilo kiini cha toleo hili: kwamba nyuma ya kelele za maadili kulikuwa na muswada wa kodi ya kanda tupu za kurekodia, na kampuni za santuri zilikuwa zikiutaka. Kampuni zikakubali kubandika lebo za onyo kwenye albamu. Vijana wakazinunua kwa sababu ya lebo hiyo hiyo.

Sisemi kila shitaka lilikuwa la uongo. Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa muziki huu walichoma makanisa na kuua watu, na hakuna hoja ya biashara inayoweza kulisafisha hilo. Wala wanamuziki wenyewe si malaika: Metallica walijulikana kwanza kwa kanda walizonakiliana mashabiki, kisha mwaka 2000 wakaishitaki Napster, mtandao wa kubadilishana nyimbo, kwa kunakili.

Mkoa wetu uliingia tena katika hadithi hii Machi 2017, msanii Nay wa Mitego alipokamatwa Mvomero kwa ajili ya wimbo wake Wapo. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, wakaufungia, kisha Rais Magufuli akaagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Nchi nzima ilijadili maneno ya wimbo. Sikumbuki mjadala hata mmoja juu ya nani alivuna wimbo ule uliposambaa simu hadi simu.

Anayenipa moyo ni mwimbaji wa hevi metali aliyetokea Nairobi. Martin Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, alitoka na kundi la Duma mwaka 2020 kupitia lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Albamu yake binafsi, mwaka 2024, ameitoa kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Masikio yangu hayawezi kuvumilia albamu nzima kwa mkao mmoja, lakini umiliki ni wake.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Kama nyumbani kwenu, Mji Mpya, Kinole, Matombo au kokote, kuna karatasi yoyote ya bendi za Morogoro, iwe mkataba, risiti ya studio au barua ya kudai mirabaha, tuleteeni nakala tuichapishe. Picha za bendi tunazo za kutosha. Hesabu zake ndizo tunazozitafuta.